Uso Begani kwa Nyogokuru

Kila belo la mitumba linapofunguliwa sokoni Mpanda, harufu ya makoti yaliyolala gizani muda mrefu hunirudisha Mishamo, kwenye makazi ya wakimbizi nilikokulia, begani kwa bibi yangu, ambaye sisi wenye asili ya Burundi tulimwita nyogokuru. Alikuwa na pini ya mapambo aliyoing'oa kwenye koti la mtumba, nayo ndiyo iliyoshika kitenge chake kila Jumapili. Juu yake palichongwa uso wa mwanamke aliyetazama upande, mweupe kama maziwa, shingo ndefu, nywele zimefungwa vizuri, na pua iliyochongoka kama ya padri wa misheni.

"Huyu ni mama yangu," alituambia.

Tuliamini. Nyumbani hapakuwa na picha ya mtu yeyote aliyebaki ng'ambo ya mpaka, kwa hiyo yule mama tulimpa heshima zote. Kuhusu pua hatukuuliza. Si adabu kuhoji pua ya mkubwa. Mimi nilimpenda mno. Ibada ikirefuka nilimlalia nyogokuru, nikamtazama yule mama mpaka nikamwona anapumua.

Jumamosi moja, nikiwa na miaka minane, niliona yule mama wa kwenye pini amefubaa. Nikafanya nilichofundishwa kufanya kwa kila kitu kilichoshika uchafu: majivu, mchanga na gunzi la mahindi. Nilisugua kwa upendo, huku naimba, kama ninayesugua sufuria ya ubwabwa. Nilipomwagia maji, pua haikuwepo.

Maji yakimwagika hayazoleki. Nililia mpaka kwikwi ikanishika, maana nilijua nimeharibu picha pekee ya mama yake. Nyogokuru aliichukua ile pini, akaigeuzageuza kwenye mwanga wa mlangoni mpaka maharage yakaanza kuungua.

"Mwana wanje," akasema, yaani mwanangu, "sasa ndiyo amefanana naye. Mama yangu hakuwa na pua ndefu vile."

Kesho yake akamvaa mbele ya kanisa zima, nami nikatembea pembeni yake nikiringa kama fundi.

Siku hizi pini za namna ile zimerudi. Wasichana wa Mpanda wanazibandika kwenye makoti ya jinzi, za plastiki, uso ni uleule. Siwashangai. Nani hapendi uso mpole karibu na shingo yake?

Tulipomzika nyogokuru ndipo shangazi aliponisimulia kwamba mama wa nyogokuru alifariki siku ileile aliyomzaa. Hakuwahi kumwona. Pua yake ilikuwaje, nyogokuru hakujua. Alichojua Jumamosi ile ni kwamba mjukuu wake analia.