Pikapu ya Msikiti Haiuzwi

Sifa zote ni za Mola, aliyenizeesha taratibu na kuniachia masikio yanayosikia bado.

Usiku ule nililala na hasira. Baada ya sala ya Isha, kamati ya msikiti wetu ilikata shauri kwamba pikapu ya kubebea wagonjwa na maiti iuzwe kama chuma chakavu asubuhi. Nilikuwa nimeinyanyua bodi yake juu ya chesisi kwa vipande vya mpira mgumu, nikaifungia magurudumu makubwa ili ivuke mto wakati wa masika. Lakini tangu niifungue injini na kuiunga upya, ilikuwa nzito. Kilima kidogo tu, inahema. Mwenyekiti alinicheka mbele ya watu: "Mzee Idi, gari umelivisha viatu vya kisigino, sasa limeshindwa kutembea!"

Usingizi ukanichukua. Nikamwona Bakari, fundi mwenzangu, ambaye nilimshusha kaburini kwa mikono yangu. Amevaa ovaroli safi, haina hata tone la grisi. Ameinamia injini, nayo inanguruma.

"Wanasema gari limekufa," nikamwambia.

"Aliyekufa ni mimi, Idi. Hili bado."

Analegeza bolti ya distributa inayogawa moto kwenye plagi, anaizungusha polepole kama anayemgeuza mtoto aliyelala. Injini inaanza kugonga. Anairudisha nyuma unywele mmoja, kugonga kunakoma, na mlio unakuwa mtamu.

"Uliogopa isije ikagonga, ukauchelewesha moto," anasema. "Injini haiendi kwa woga."

Sijui tulifikaje mtoni. Mimi ndiye ninayeendesha, maji ya matope yanapita chini ya milango. Nyuma, wanawake wamemshikilia mwenzao mwenye uchungu, mmoja anapiga paa: "Kanyaga, babu! Mtoto hamsubiri mtu!" Katikati ya mto Bakari anafungua mlango, anashuka, na maji hayamlowanishi.

"Panda, Bakari! Tuvuke wote."

"Vuka wewe. Mimi nilishavuka."

Nikaamka na adhana ya alfajiri. Nilipomaliza kuswali nikaenda kwenye pikapu, nikailegeza distributa, nikaizungusha mpaka injini ikagonga, nikairudisha unywele mmoja. Nikakaza.

Wanunuzi walipofika, mwenyekiti alininyooshea mkono. "Ufunguo, mzee wangu."

"Sitoi."

"Kamati imeamua!"

"Basi kamati ipande. Tukishindwa kuvuka mto, nitakupa ufunguo na gari utalivuta mwenyewe."

Sikumtaja Bakari. Neno lilikuwa langu, na kama ni aibu ingekuwa yangu.

Walipanda wakinung'unika. Tulipanda kilima bila kuhema, tukateremka mtoni, mto umejaa. Mwenyekiti, aliyekaa ubavuni mwangu, aliikunja kanzu yake hadi magotini, akaishika kwa mikono miwili. Tulipofika katikati alichungulia miguuni pake. Pakavu. Akaiachia kanzu ikashuka, nasi tukatokea ng'ambo.

Nawe unayesoma, Mola akuvushe salama mahali ambapo watu wamekwisha kukukatia tamaa. Amin.