Aliyesema Kweli Jikoni

Jumamosi tumemzika mchunguzi wa ajali za ndege aliyestaafu akaja kuishi hapa Nyeri. Wasifu wake ulisomwa: mtu wa haki, mtu wa ukweli. Wasomaji wangu, mnisamehe, leo siwezi kumlilia kwa adabu. Nilimpenda yule bwana. Tulipopata uhuru tukaona mtu wetu amesomea kazi iliyokuwa ya wazungu, tulijivuna naye kweli kweli, tukadhani mnyonge amepata mtetezi.

Kisha ndege ndogo ya tajiri mmoja wa mashamba ya ngano huko Timau ikaanguka ziwani, kaskazini. Rubani, kijana wa Tetu, alikufa pamoja na abiria wawili, muuguzi na mwalimu, wote wa Othaya. Mchunguzi alipokuja kumwona mjane wa rubani, ni mimi niliyempeleka. Mama yule alitupikia mukimo, tukala. Halafu mgeni akaomba karai la maji na mwiko. Akauzungusha mwiko majini kwa nguvu, akaeleza kwamba pangaboi la ndege likigonga maji huku linazunguka, hupinda. La ndege ile lilitolewa ziwani likiwa limenyooka. "Injini ilikuwa imezima huko juu," akasema. "Na mwenye ndege aliambiwa na mafundi ni mbovu. Mama, bwana yako hana makosa." Mjane alilia, akamshukuru Mungu.

Lo! Siku ya kutoa ushahidi wa ajali ile, mbele ya jamaa za marehemu wote, mtu yule yule akasema rubani aliruka chini mno kwa uzembe. Tajiri alikuwa mstari wa mbele, miguu ameinyoosha. Nilimkazia macho rafiki yangu, hakuniangalia. Tangu hapo mama yule akawa mke wa muuaji. Sokoni Othaya wanawake walimpa kisogo, na kikundi chao kikamwondoa.

Alipostaafu, mchunguzi alikwenda Tetu kuomba msamaha, na kiondo cha sukari, majani ya chai na unga. Mjane alimsikiliza mpaka mwisho. "Uliharibu jina ya bwana yangu mbele ya watu wote," akamwambia, "sasa unakuja kuisafisha hapa jikoni? Enda useme kanisani." Kwetu kiondo cha mgeni hakirudi kitupu, mwenyeji hutia chochote alicho nacho. Chake kilirudi kimejaa vitu vyake mwenyewe. Na kanisani hakusema, ingawa tajiri aliyemtishia kazi yake alikwisha kufa, na hakuna tena wa kumfukuza. Alikuwa mzee wa kanisa, akaona haya.

Msamaha wa faraghani ni rahisi mno. Anayetubu hubaki na heshima yake, na aliyechafuliwa hubaki na uchafu wake. Ukimsingizia mtu hadharani, rudi kwa watu wale wale, uwatazame usoni, useme. Rafiki yangu tuliyemzika hawezi tena. Basi nasema mimi, hapa gazetini, mbele yenu nyote: injini ilizimika angani. Rubani wa Tetu hakuua mtu.