Mrija wa Bernadetha

Bernadetha, dada wa marehemu mume wangu, ni mkulima wa maharage na mtama huku Murukulazo. Hakuzaa, lakini watoto wa ukoo wetu wote wamelelewa mgongoni mwake. Kwetu mtoto akibatizwa, shangazi ndiye hufungua chungu cha pombe ya mtama: huvuta wa kwanza, kisha mrija uleule huwazungukia wakubwa wote. Nafasi hiyo ni yake tangu nilipoolewa, naye huringa nayo.

Mwaka huu mjukuu wangu mchanga, Fideli, alivimba kwapa la kulia. Hospitalini walivuta usaha kwa sindano, wakaupima kwa mashine. Jibu likaja siku hiyohiyo: kifua kikuu. Kifua kikuu, katika nyumba ya marehemu mume wangu, Mwalimu Privatus!

Habari ilitutangulia kijijini. Watu wakaulizana ni nani anayekohoa. Ni Bernadetha, aliyezoea kukohoa kwa moshi wa jikoni. Nyumbani tulipimwa wote, na makohozi yake hayakuwa na kitu, lakini nani alisikiliza? Ubatizo wa Fideli ulipokaribia, mdogo wake, Anold, akamletea kikombe cha plastiki.

"Dada, safari hii utanywea hiki. Ukae pembeni kidogo."

"Pembeni wapi, Anold? Kwa mbuzi?"

"Usikasirike, dada."

"Kamasi zako nimezifuta mimi. Leo mate yangu yamekuwa sumu?"

Kikombe akakijaza maji, akawawekea kuku.

Nilishindwa kuvumilia. Mtu wa nyumba hii hatengwi kwa uvumi. Nilirudi kwa daktari nikamuuliza: kama wote nyumbani tumepimwa na hatuna ugonjwa, mtoto kaupata wapi? Akauliza Fideli alichanjwa mkono gani alipozaliwa. Wa kulia, nikamjibu. Usaha ukapelekwa maabara kubwa, Mwanza.

Majibu yalipofika, niliwachukua Bernadetha na Anold.

"Shikamooni," daktari alisema.

"Marahaba. Sema, mwanangu," akajibu Bernadetha.

"Mashine yetu hutambua ukoo mzima wa vimelea hivi, haitofautishi ndugu na ndugu. Mwanza wamechunguza vinasaba. Vimelea vya Fideli vimekosa kipande ambacho vile vya ugonjwa vinacho. Hivi ni vya chanjo ya kifua kikuu, ile aliyochomwa mkono wa kulia."

"Chanjo ile ya kumkinga?" nikauliza.

"Ndiyo, mama. Hutokea mara chache, na uvimbe wa namna hii kwa kawaida hupona. Tutaendelea kumwangalia. Msiache kuchanja watoto, chanjo hiyo inaokoa wengi. Ila hakuna mtu aliyemwambukiza."

"Hilo la mwisho lirudie," Bernadetha alisema. "Polepole. Huyu asikie."

Daktari akalirudia. Mimi mwenyewe nilitoka pale nikiwa bado siamini.

Siku ya ubatizo Anold alimpa dada yake mrija kwa mikono miwili. Bernadetha alivuta, akavuta tena, hadi watu wakaguna. Kisha akamnyooshea Anold ule mrija, akaurudisha nyuma ghafla.

"Kohoa kwanza nikusikie."

Anold akakohoa mbele ya ukoo wote. Ndipo akapewa.