Ndiyo ya Baba

Baba yangu alikuwa mtu wa Ukerewe. Alijifunza mashine za boti kabla hajaota ndevu, kisha serikali ikamleta Dodoma, kwenye karakana ya malori na pampu za visima. Lakini sifa ya fundi haikai ndani. Watu wa bwawa la Mtera walipoharibikiwa walipakia mashine zao kwenye basi wakaja kumtafuta, na hata karakana ilipouzwa na yeye akapunguzwa kazi pamoja na wenzake, waliendelea kumfuata nyumbani kwetu Nkuhungu. Alikuwa amejenga banda la bati ubavuni mwa nyumba, na humo ndimo alimoshinda.

Kiharusi kilimpata miezi mitano kabla ya haya ninayoyaeleza. Mkono wa kulia ulilegea, mguu ukawa wa kuburuta, na maneno yote yakampotea isipokuwa moja. Alibaki na "ndiyo". Ukimuuliza kama anataka uji, ndiyo. Ukimuuliza kama ameshiba, ndiyo. Akitaka mama afunge dirisha kwa sababu ya vumbi, alisema ndiyo, ndiyo, ndiyo, sauti ikipanda mpaka jasho linamtoka. Kichwa nacho hakikumtii. Alikitikisa pale alipotaka kukubali. Daktari alituambia akili yake ni nzima, anaelewa kila kitu. Sijui kama ile ilikuwa habari njema.

Mimi nilikuwa mpiga chapa katika ofisi moja mjini, nikachukua likizo ili mama apate kupumzika. Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Spana za baba nilizijua kwa kuzisogeza tu, nipate kufagia.

Asubuhi moja akaja mwenye boti kutoka Mtera, mtu wa makamo aliyevusha abiria na samaki wakavu. Begani alikuwa amebeba kiroba, na ndani ya kiroba giaboksi ya mashine yake, ile sehemu ya chini inayozama majini pamoja na propela. Habari za ugonjwa zilikuwa hazijamfikia.

"Shikamoo mzee," alisema, kisha akaona mdomo wa baba ulivyokwenda upande, akakitua kiroba polepole.

"Ndiyo," baba akamjibu.

Mama alitoka jikoni na ungo wake wa mchele. "Mzee anaumwa, ndugu yangu. Kazi haiwezi tena. Mtafute fundi mwingine."

"Mwingine yupo wapi, mama? Beringi ninazo, nimeagiza Dar." Alitoa mfukoni vikasha viwili vipya. "Siku hizi vipuri ni wewe tu na pesa yako. Zamani ungesubiri kibali mpaka uzeeke. Sasa vitu vipo, fundi ndiye hakuna."

Baba alikuwa ameshaanza kusimama. Aliburuta mguu mpaka kwenye kiroba, akashika shafti kwa mkono wa kushoto, akaizungusha huku ameinamisha sikio. Ilikwaruza kama jiwe la kusagia lililoingiwa mchanga. Kisha akanitazama mimi. Hakumtazama mama wala mgeni.

"Nitamshikia spana," nilisema. Hakuna aliyeniomba.

Yule bwana akasema atasubiri kwa ndugu zake kule Zuzu, akaondoka.

Siku mbili za kwanza zilikwenda vizuri kuliko nilivyotegemea. Baba alikaa kwenye kigoda, akawa ananielekeza kwa kidole cha kushoto. Nilifungua boliti, oili ikatoka nyeupe kama uji, maana maji yalikuwa yameshaingia kwenye gia. Nilizitoa beringi za zamani kwa kugonga kidogo kidogo pale alipogusa. Gololi zake zilikuwa zimeliwa, zina vishimo. Kuweka mpya ndiko nilikokuogopa, lakini baba aliniburuta mpaka kwa jirani aliyeuza barafu za vijiti, akagonga friji lake, nikaelewa: beringi zilale kwenye baridi. Kisha akanionyesha sufuria kubwa la mama. Kwa hiyo nilichemsha maji, nikaimwagia giaboksi mpaka ikapata moto, nikachukua beringi yenye ubaridi, nikaiweka mdomoni mwa tundu. Ilizama yenyewe. Sikupiga hata nyundo moja. Baba alicheka, kicheko cha upande mmoja, na mama alikuja mlangoni kuangalia ni nani anayecheka.

Siku ya tatu asubuhi nilikuwa nafunga. Mwenye boti alikuwa ameshafika, amekaa nje kwenye benchi, ana basi la saa sita. Baba aliingiza mkono kwenye kopo tulilowekea vyuma vya zamani akatoa washa moja, kipete cha chuma chembamba kama ukucha. Akaninyooshea.

"Ndiyo," alisema.

"Hii inarudi ndani, baba?"

"Ndiyo."

"Au ni ya zile za zamani, tunaitupa?"

"Ndiyo! Ndiyo!" Alipiga meza.

Nikamwambia anionyeshe inapokaa. Aliweka kidole juu ya beringi niliyokwisha kuiweka, akakikandamiza pale.

"Hii? Hii imekaa vizuri?"

"Ndiyo," alisema, na machozi yakamtoka.

Nimeirudia dakika ile mara nyingi. Washa ilikuwa ya kukaa nyuma ya beringi ili meno ya gia yakutane sawasawa, na kuirudisha kungetaka tuivute tena ile beringi, tuchemshe maji upya, tumkoseshe yule bwana basi lake. Hayo nilielezwa baadaye na fundi mmoja wa gereji. Wakati ule sikuyajua, lakini uso wa baba niliuona. Nilijiambia kwamba beringi mpya zimekuja na kila kitu chake. Likizo yangu ilikuwa inaisha, nimechoka, na nje kulikuwa na mtu anayeangalia jua. Katika zile ndiyo zake nikachagua iliyonifaa. Washa nikairudisha koponi, nikafunga.

Nilipoizungusha shafti haikutoa sauti yoyote. Mwenye boti aliizungusha na yeye, akatabasamu, akaitia kwenye kiroba. Hapo baba alikishika kile kiroba kwa mkono wa kushoto, asikiachie.

"Asante sana, mzee wangu," yule bwana akamwambia, akidhani anaagwa. "Mungu akurudishie afya." Akamfungua vidole taratibu, kimoja kimoja, kwa heshima zote. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale.

Wiki ya tatu alirudi, siku ya Jumapili, nami nipo nyumbani. Hakupiga kelele. Alimwaga giaboksi sakafuni, na meno ya gia yakamwagika nayo kama punje za mahindi. Ilikuwa imekatika katikati ya bwawa na abiria kumi na mmoja ndani. Walipiga makasia kwa mbao za kukalia na beseni la mama mmoja, tangu asubuhi hadi alasiri, mpaka wakafika ukingoni. Hakuna aliyeumia.

"Simlaumu mzee," alisema. "Kosa ni langu. Nilimpa kazi mtu mgonjwa."

"Siyo yeye," nikamwambia. "Ni mimi. Kuna washa alitaka irudi, nikaiacha." Nilikimbilia kopo, nikaitoa, nikamwekea kiganjani.

Aliitazama, kisha akanitazama kwa huruma. "Binti, unamsitiri mzazi wako. Ni vizuri. Hata wangu angekuwa hivi ningefanya hivyo."

"Nakwambia ukweli. Alinionyesha, mimi ndiye sikusikia."

"Nimekuelewa, dada." Akanirudishia washa. Halafu akamgeukia baba, akaongea kwa sauti kubwa kama anaongea na kiziwi: "Mzee, sasa upumzike! Kazi umefanya, inatosha!"

Baba alifungua mdomo. Tulimwona akitafuta, mshipa wa shingo umesimama, mkono wa kushoto ukinielekea mimi, kisha kopo, kisha mimi. Yule bwana alisubiri kwa adabu.

"Ndiyo," baba alisema.

"Basi," akasema yule bwana, akaona wameelewana. Aliaga akaenda kutafuta basi.

Habari ilifika Mtera pamoja naye, na toka hapo hakuja mtu tena na mashine ya boti. Mchana nilikuwa ofisini. Jioni nilimchorea baba picha kwenye karatasi za ofisi, kikombe, dirisha, kitanda, ili awe ananionyesha, lakini alizisukuma. Labda hakuweza kuzitumia. Labda hakutaka kuzipokea kutoka kwangu. Kumwomba msamaha nilimwomba, nikiwa nimepiga magoti kama tulivyolelewa. Kumuuliza kama amenisamehe sikuweza, kwa sababu jibu nilikuwa nalijua kabla hajalitamka, na lisingenisaidia kitu.

Aliishi miaka miwili zaidi. Kiangazi kilichofuata akaja mtu na pampu ya kisima kwenye baiskeli, na mama alimrudisha kutokea getini. Baba alikuwa sebuleni, dirisha liko wazi. Nilisikia kigoda kikikwaruza sakafu, kisha kikatulia.