Sala Iliyofuata Barabara

Kwa miaka mingi nilikana kwamba ninasali. Walimu wenzangu wa chuo hapa Bunia wakiniuliza, nilicheka: "Mimi? Hayo niliyaacha utotoni." Ukweli ni kwamba kila asubuhi, chai ikichemka, nasali midomo imefungwa, kama mtoto aliyeficha pipi. Wengine huficha chupa kabatini. Mimi naficha Baba Yetu.

Wa rika langu mtanielewa. Tulipokuwa wadogo, kengele ya kanisa ilikuwa rimu ya lori iliyotundikwa mtini na kupigwa kwa nondo, na hakuna aliyeweza kusema hakuisikia. Jioni tulirudi kutoka kucheza nzango, ule mchezo wetu wa kuruka na kupiga makofi, miguu imejaa vumbi jekundu, tukakuta fufu mezani na samaki wa chumvi wa Ziwa Albert. Hapo ndipo mateso yalipoanza. Kwetu hakuna aliyegusa chakula kabla Mama hajawaombea ndugu wote, na Mama aliwaombea kwa kufuata barabara. Alianzia Bunia, nyumba kwa nyumba, akapanda kaskazini. Akifika Fataki, kwa kaka yake mkulima wa maharagwe, alikaa kabisa: mke, watoto, mbuzi, goti la mjomba lililokuwa likiuma. Kisha Mahagi, kwa shangazi. Kisha Aru. Sisi tulifumbua jicho moja tukitazama mvuke wa fufu unavyokwisha. Siku moja mdogo wangu Dido akasema "Amina" Mama akiwa bado Mahagi. Mama hakufumbua macho. "Bwana, samehe huyu mutoto, anataka kuacha shangazi yake mu njia." Akarudi kuanza upya Bunia.

Hofu yetu kubwa ilikuwa kwamba Aru iko mpakani, na siku moja Mama angepata ndugu Uganda.

Vijana wa leo wameitatua shida hiyo. Wapwa zangu wanatuma kwenye simu kile kijipicha cha mikono miwili iliyobanwa, amina, na chakula bado cha moto.

Baadaye nilirudi kutoka chuo kikuu Kisangani na mashaka juu ya Mungu, nikiyavaa kama koti jipya, licha ya joto lote lile. Mama alinisikiliza hadi mwisho. "Leta ile mashaka yako ku meza," akasema. "Tutaiombea nayo."

Lakini hayo yalikuwa mashaka ya vitabuni. Ya kweli yalikuja vita vilipofika Fataki. Mke wa mjomba aliingia kwetu na watoto, mikeka ikajaa sebuleni. Mjomba hakufika, majirani ndio waliomzika. Jioni ile Mama alifuata barabara kama kawaida. Alipofika Fataki akasema, "Bwana, hawa unawaona, wako hapa mu salon." Halafu akamtaja kaka yake, na goti lake.

Sikuvumilia. "Mama, ulimuombea kila siku. Njo vile Mungu anajibu?"

Nilingoja mahubiri. "Sijui, mutoto wangu," akasema. "Hata miye niko namuuliza. Lakini nitauliza nani mwingine?"

Tangu siku ile niliacha kuombea barabara. Nikabaki na sala yangu ya chai, isiyomtaja mtu, isiyomwombea yeyote kitu, na kwa hiyo isiyoweza kukataliwa. Kwa msomi ni mpango mzuri. Enzi zile tulikula fufu baridi na kujua goti la kila ndugu hadi mpakani. Leo nakula ya moto, na sijui jirani wa nyumba ya tatu anaitwa nani.

Mama sasa amezeeka, anaishi Aru kwa Dido. Juzi jioni nilikuwa chumba cha walimu, wenzangu wakibishana kama Mungu ni kitu zaidi ya wazo, simu ikalia. Alikuwa Dido, ambaye hadi leo huniita yaya, yaani mkubwa wake.

"Yaya, Mama iko nalia. Alianza barabara kutoka huku, kufika Fataki majina yote ikamupotea. Anakataa kula, anasema hawezi kuacha watu njiani. Miye siyajui. Weye njo unayajua."

"Dido, niko kazini."

"Nimeweka simu sauti kubwa, yaya. Anakungoja."

Nikageukia dirisha. Nikaanza chinichini na mke wa mjomba, ambaye hadi leo analala kwenye kambi ya wakimbizi: nikaomba arudi shambani kwake, avune mwenyewe. Nikataja watoto wake, mmoja mmoja. Nyuma yangu mabishano yalikuwa yamekatika. Kutoka Aru sauti ya Mama ikaja, nyembamba lakini kali:

"Sema kwa nguvu, mutoto! Kwani uko naiba?"

Nikapaza sauti. Kutoka Fataki hadi Bunia kulikuwa bado na watu wengi.