Mama Masika wa Mapendo na Shahidi wa Tatu

Masika Julienne alizaliwa mwaka 1951 kwenye vilima vya karibu na Butembo, siku ya soko, mama yake akiwa ametoka tu kutua kitunga cha maharagi. Wazazi wake, wakulima Wakatoliki, walimbatizisha juma lile lile. Aliolewa Goma, akafiwa na mume, na mwaka 1994 alikuwa anafagia depo ya unga ya mfanyabiashara mmoja pale Murara. Mwaka huo wakimbizi walivuka mpaka kwa maelfu, wakalala juu ya mawe meusi, wakafa kwa kipindupindu. Hapo Mungu alimwita, na tuseme ukweli bila kuutia sukari: aliitwa, naye akaiba. Alitoa magunia tisa kwa mlango wa nyuma, akapikia watoto wao uji.

Mlinzi wa depo, Cyprien Ndayambaje, alimwona. Mbele ya juge, yaani hakimu, aliapa: “Huyu mama namujua muzuri. Ni yeye.” Masika hakubisha. “Ni mie. Unga haikukuwa yangu. Njaa pia haikukuwa yangu.” Akapewa miaka mitatu, akaimaliza yote. Gerezani aliwafundisha wanawake kusoma, na kwa kukosa kitabu walisoma hukumu zao wenyewe, hata kila mmoja akajua neno kwa neno alichonyimwa na ambacho hakunyimwa. Vita zikapita, moja juu ya nyingine. Kisha Januari 2002 moto wa volkano ya Nyiragongo ukala nyumba yake pamoja na karatasi zake zote, naye akajenga upya kwa mbao, kule mtaa wa Mapendo.

Mwaka 2005 watu waliitwa kujiandikisha kupiga kura. Mtaani kukaenea maneno kwamba aliyefungwa hana tena sauti, na wafungwa wa zamani kumi na saba wakajificha kwa aibu. Masika akawaambia: “Hukumu zetu tulizisoma. Miaka walituandikia, tuliimaliza. Kura hawakuiandika.” Akatangulia yeye. Asiye na karatasi alihitaji mashahidi watatu wa mtaa wenye kadi ya kura tayari. Akikubaliwa, angeweza kuwashuhudia wenzake. Akikataliwa, hakuna hata mmoja angethubutu.

Ilikuwa siku ya mwisho. Karani, Honoré, akamcheka: “Mama, muizi atachagua nani? Muizi mwenzake?”

“Mutoto wangu, wezi utawaona kwenye affiche, zile picha za kampeni.”

Foleni yote ikacheka, na Honoré naye. Lakini mashahidi walikuwa wawili tu, jirani yake Kahindo na mkatekista Bénédicte. Wengine waliogopa kuandikwa pamoja na mwizi.

Basi Masika akaenda kwa Cyprien, aliyekuwa akibadili njia kila akimwona, miaka kumi na moja.

“Papa Cyprien, uliapa kwa juge kama unanijua muzuri. Kuya uape tena.”

“Mama Masika, mie njo nilikufungisha.”

“Ni kwa ile sababu. Hakuna mutu atasema unanipendelea.”

Cyprien akavaa viatu, akachukua na kadi yake ya kura. Mbele ya meza ya Honoré maneno yakamtoka yale yale: “Huyu mama namujua muzuri. Ni yeye.” Safari hii alilia. Masika akapewa kadi, wala hakurudi nyumbani. Alisimama mlangoni pamoja na Cyprien na Kahindo, wakawashuhudia wale kumi na saba, mmoja mmoja, mpaka wa mwisho.

Alipiga kura tarehe 30 Julai 2006, akalala katika Bwana mwezi wa pili 2008. Kahindo, aliyemwosha, anaeleza kwamba wino wa kura ulikuwa bado kwenye kidole chake, mweusi kama wa jana. Wasiosadiki waende wamuulize, angali hai na hajazoea kudanganya. Jeneza lake lilibebwa na wanaume sita: watano waliokwisha kufungwa, na Cyprien.

Nasi tunaompenda Mama Masika tumwige hivi: ukiisha kupata kadi yako, usikimbilie nyumbani. Simama kidogo mlangoni. Pengine kuna mtu amekosa shahidi wa tatu.