Kabati Lililozeeshwa Mara Mbili

Kilindoni watu humpelekea fundi samani zipate upya. Khairiya yeye hulipwa azizeeshe. Hoteli za watalii kule Utende zinapenda kabati lililochoka, Mungu azizidishie. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Kazi yenyewe haina mzaha. Hupaka buluu kwanza. Ikikauka husugua mshumaa kwenye kingo na pale panaposhikwashikwa, kisha hupaka nyeupe juu. Akipitisha msasa, nyeupe iliyokalia nta hubanduka, buluu ikachungulia, utadhani kabati ni la urithi.

Siku hiyo alikuwa amemaliza kabati la Warda, meneja wa hoteli mpya, aliyemwambia waziwazi: likinipendeza, makabati ya vyumba vyote ni kazi yako, lisiponipendeza, naagiza Unguja. Khairiya akaliacha ukumbini nyumbani, akaenda sokoni kutafuta vitu vya Idi.

Aliporudi alilikuta kabati limekuwa la kijani, linang'aa. Kando yake alisimama Bi Mwanasha, bibi yake aliyemlea tangu mama yake afariki, brashi mkononi, uso umejaa furaha.

"Nimekustiri, mjukuu wangu. Idi inaingia na kabati limebabuka vile, watu wangesemaje?"

Machozi yalimlenga Khairiya. Lakini mdomo wa kumfokea mtu aliyemtafunia chakula utotoni angeupata wapi?

"Ahsante, bibi," akasema, akaingia chumbani kulia.

Kesho yake, bibi alipokwenda kumjulia hali jirani, Khairiya alishika msasa, basi tu kwa kukosa la kufanya. Kijani kikabanduka viraka viraka, nyeupe ikatokea, na chini yake buluu. Mkono ukasimama wenyewe. Milango ya mtaani kwao ndivyo ilivyo: kila Idi rangi juu ya rangi, hata ikibabuka unaziona sikukuu zote. Na yeye miaka yote hiyo akijidai fundi wa uzee kwa rangi mbili!

Lilipofika hotelini na rangi zake tatu, Warda alilipapasa kabati, kisha akauliza makabati ya vyumba vingine yataanza lini.

Khairiya alirudi nyumbani nusura akimbie. Bi Mwanasha alikuwa ukumbini anachambua mchele.

"Shikamoo, bibi." Akaubusu ule mkono, kijani bado kimeganda kwenye kucha, na asiuachie.

"Marahaba. Mwenye kabati kasemaje?"

"Kalipenda mno. Anataka na mengine yapakwe kama ulivyopaka wewe."

"Si unaona? Na lilivyokuwa limebabuka lile!"

Khairiya akasema alhamdulillahi, kwa moyo wake wote, akavuta ungo wakachambua pamoja.